Kichaa cha Mbwa kwa Mwanakondoo: Jina na Hatari Yake

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kirusi kinavyoushambulia ubongo wa mwanakondoo, na jinsi jina la ugonjwa linavyoweza kumpotosha mfugaji. Mfano wetu ni Kehancha, mji wa Ukuria ulio karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, ambako kondoo na mbwa huishi boma moja.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Kirusi chake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mwanakondoo aking'atwa, kirusi hicho hakisafiri kwa njia ya damu, bali hupenya katika neva na kupanda polepole hadi ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua majuma kadhaa, hata jeraha likapona na kusahauliwa. Hatimaye mwanakondoo huacha kunyonya, hupepesuka, miguu ya nyuma hulegea, sauti hubadilika, na mate humtiririka kwa sababu koo limepooza. Dalili zikishadhihirika, hakuna tiba.

Hapa ndipo jina linapopotosha. Limeundwa kwa nomino mbili zilizounganishwa na a-unganifu, na kila moja ina kasoro yake. "Kichaa" humfanya msikilizaji atarajie mnyama mkali, ilhali mifugo mingi hupooza na kunyong'onyea. "Mbwa" huufunga ugonjwa kwa mnyama mmoja, ilhali mamalia yeyote huweza kuupata, binadamu akiwemo. Mfugaji amwonapo mwanakondoo akitokwa na mate, hudhani amesakamwa na kitu kooni, akamtia mkono kinywani. Mchubuko mdogo watosha kuwa mlango wa kirusi.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba si kila mwanakondoo anayepepesuka ana kichaa. Ugonjwa ambao Wamaasai huuita ormilo, unaomfanya kondoo azungukezunguke, husababishwa na lava wa tegu wa mbwa. Vilevile, chanjo hai ya Smithburn dhidi ya homa ya Bonde la Ufa, iliyotokana na kirusi kilichopatikana Uganda mwaka 1944, huweza kuharibu ubongo wa mwanakondoo aliye tumboni iwapo mama yake atachanjwa akiwa na mimba. Dalili hukaribiana, vyanzo ni mbalimbali. Kwa hiyo uamuzi ni wa daktari wa mifugo.

Mwanakondoo wa namna hiyo atengwe, asichinjwe wala kushikwa kwa mikono mitupu. Aliyeguswa na mate yake penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo apate chanjo. Kinga kuu ni kuchanja mbwa. Mkakati wa Kenya uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa ifikapo 2030.

Je, jina libadilishwe? Limekwisha kuzoeleka, na kulifuta ni kuongeza utata. Linalowezekana ni kwa wanaotafsiri mabango ya afya kuliandama kila mara na maneno haya: "huwapata pia kondoo, mbuzi, ng'ombe na watu." Hiyo ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, si ya daktari peke yake.