Modemu inapokaa kimya: tuanzie wapi kutafuta kosa

Katika vituo vingi vya ndani, mahali ambapo barabara hukatika mvua ikianza, bado kuna ordinateri za zamani zinazotuma ripoti na maombi ya dawa kwa redio au kwa simu ya satelaiti. Nyuma ya ordinateri hizo kuna kiungo chenye pini 9. Hiyo ndiyo porti ya siriali, na waya wa modemu huchomekwa hapo. Siku modemu inapoacha kujibu, wengi wetu tunafikiri mara moja kununua nyingine. Fedha zinachangwa kwa shida, modemu mpya inafika kwa pikipiki, nayo inakaa kimya vilevile. Sababu ni kwamba mara nyingi modemu ni nzima. Kilichovurugika ni mapatano kati yake na ordinateri.

Tunashauri kugawa njia katika vipande viwili: upande wa ordinateri na upande wa modemu. Upande wa kwanza unapimwa bila modemu kabisa. Chomoa waya, kisha unganisha pini ya 2 na pini ya 3 kwa kipande kidogo cha chuma, kwa mfano kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Pini ya 3 hutoa data, pini ya 2 hupokea, kwa hiyo ordinateri itajisikia yenyewe. Fungua programu ya terminali: HyperTerminal imo katika Windows 95 hadi XP, na kwa mashini za baadaye PuTTY inatosha. Chagua porti yako, zima udhibiti wa mtiririko, kisha andika herufi yoyote. Ikionekana kwenye skrini, na herufi mpya zikiacha kuonekana unapoondoa kibanio, porti ni hai. Isipoonekana, usiguse modemu bado, kosa liko nyumbani. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi, na porti hufa kwa urahisi radi ikipita katika antena au waya wa simu. Baada ya radi kubwa, jaribio hili lije kabla ya mengine yote.

Lakini porti inaweza kunyamaza bila kufa. Kuna mashini ambazo porti imezimwa katika BIOS, ile kurasa ya mipangilio inayofunguka ukibonyeza F2 au Delete wakati wa kuwasha. Na hapa tuseme jambo ambalo mafundi wa mjini hawalifikirii sana, kwa sababu wao wana umeme: ndani ya ordinateri kuna betri ndogo ya mviringo inayotunza mipangilio hiyo. Ikichoka, kila umeme wa jua unapokatika usiku, mipangilio inarudi ilivyokuwa kiwandani. Dalili yake ni saa. Ukiwasha asubuhi ukakuta tarehe ya miaka mingi iliyopita, badilisha betri kwanza, ndipo uhangaike na modemu.

Kosa linalosumbua zaidi ni la kugombania njia. Porti zinaitwa COM1, COM2, COM3 na COM4, na kila moja ina anwani yake: 3F8, 2F8, 3E8 na 2E8. Kila porti pia ina kengele ya kuita prosesa, inayoitwa IRQ. Nyumba ni 4, lakini kengele ni 2 tu: COM1 na COM3 hutumia IRQ 4, na COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. Chukua ordinateri ambayo panya wake wa zamani yuko COM1 na modemu ya ndani imewekwa COM3. Kila kimoja kinafanya kazi vizuri kikiwa peke yake. Modemu ikianza kupiga simu, panya anaganda; ukimsogeza panya, simu inakatika. Anayeona hivyo atalaumu mtandao, kumbe ni vifaa viwili vinavyopiga kengele moja. Dawa ni kuhamishia modemu COM2, baada ya kuzima COM2 ya ordinateri yenyewe katika BIOS ili zisiwe mbili zenye anwani moja. Katika Windows ya Kifaransa, ambayo wengi wetu tunayo, migongano ya namna hii huonyeshwa na alama ya mshangao katika Gestionnaire de périphériques.

Upande wa ordinateri ukiwa safi, rudisha modemu. Andika AT halafu bonyeza Entrée. Modemu nzima hujibu OK. Ukipata herufi za ajabu zisizosomeka, mwendo haulingani. Weka mwendo wa chini, kama 9600, na biti 8, bila pariti, stopu 1. Ukiona OK lakini huoni unachoandika, ATE1 itarudisha mwangwi. Ikiwa mtu alibadilisha mengi hadi haijulikani nini ni nini, AT&F inarudisha hali ya kiwandani. Modemu ikikataa kupiga kwa madai kwamba haisikii mlio wa laini, ongeza X3. Modemu za redio hazifuati zote lugha hii. Nyingi huonyesha neno cmd: na kungoja amri zake zenyewe, kwa hiyo kukosa OK hapo si ugonjwa.

Ordinateri mpya hazina tena porti hii, ndiyo maana watu hununua waya wa kugeuza USB kuwa siriali. Tahadhari moja: Windows inaweza kuupa namba kama COM12, na programu za zamani hazioni mbali hivyo. Ingia katika mipangilio ya porti, uipe namba ya chini isiyotumika. Kwenye Linux utaikuta kama ttyUSB0, na katika Debian na Ubuntu mtumiaji lazima awe katika kundi la dialout, la sivyo atanyimwa ruhusa.

Vijana watauliza kama haya si mambo ya babu zao. Basi wachomeke modemu ya USB yenye kadi ya simu, nyingi zikiwa zinafungua porti ya COM zenyewe, waandike AT+CPIN? Jibu la READY maana yake kadi imefunguliwa. SIM PIN maana yake inangoja namba ya siri. AT+CSQ inatoa nguvu ya mtandao kutoka 0 hadi 31, na 99 ikiwa haijulikani. Kwa namba hiyo unaweza kuzunguka na modemu chumba kwa chumba, dirisha kwa dirisha, hadi upate mahali pa kuweka meza.