Meza ya Sokoni na Daftari la Sheffield

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha Kitui anaifahamu kero ya kwenda sokoni saa nane za mchana kumtafuta mwanafunzi. Mimi niliionja mara nyingi. Unayapita maduka ya nafaka, unampita kinyozi, kisha unasikia mipira ya "pool" ikigongana nyuma ya pazia, nawe unajua kwamba umefika. Mvulana niliyemfumania siku moja Kalundu hakukimbia. Alikuwa ameinama juu ya meza, sweta la shule amelifunga kiunoni, akanisihi kwa sauti ya chini: "Mwalimu, naomba niumalize huu mmoja tu." Nami, Mungu anisamehe, nikasimama kutazama. Akaugonga mpira mweupe, ukagusa ukingo wa kwanza, ukagusa wa pili, ukarudi kuusukuma mweusi katika mfuko wa kati. Juma lililotangulia mvulana huyo huyo alikuwa amepata alama 4 kati ya 30 katika jaribio langu la jiometri.

Nilimkumbuka mnamo Mei 2025, Zhao Xintong alipotwaa ubingwa wa dunia wa snuka mjini Sheffield, Uingereza. Snuka ni jamaa mkubwa wa pool. Ulibuniwa na maofisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875, na katika nchi yetu ukaingia kupitia klabu za walowezi, ambamo Mwafrika aliruhusiwa kuingia akiwa amebeba sinia. Meza yake ina urefu wa futi 12, na mipira ni 22: mmoja mweupe wa kugongea, 15 myekundu yenye thamani ya alama 1 kila mmoja, na 6 ya rangi nyingine, kuanzia wa manjano wenye alama 2 hadi mweusi wenye 7. Mwalimu wa hesabu na awaulize wanafunzi wake ni kwa nini kilele cha kawaida cha mkupuo mmoja ni alama 147. Jibu ni jepesi: kila mwekundu ufuatwe na mweusi, mara 15, hapo ni 120, kisha rangi sita zilizosalia hujumlisha 27.

Lakini si hesabu hiyo iliyonivutia, bali daftari. Tangu mwaka 1976 wachezaji wa kulipwa wamekuwa wakipangwa katika orodha ya viwango. Mwanzoni yalihesabiwa mashindano ya ubingwa wa dunia peke yake. Msimu wa 1982/83 mengine yakaongezwa, na tangu 2014 kila pauni ya tuzo ambayo mchezaji amepata katika mashindano ya viwango ndani ya miaka 2 huhesabiwa kuwa alama moja. Anayemaliza miaka yake 2 akiwa nje ya 64 wa kwanza hupoteza nafasi yake, isipokuwa wachache, na hana budi kuitafuta upya. Daftari halimjui mtoto wa tajiri wala wa maskini. Kwa kweli ni katili: Ding Junhui alipomshinda Stephen Hendry katika fainali ya China Open mwaka 2005, siku 2 baada ya kutimiza miaka 18, hakupata hata alama moja, kwa kuwa alikuwa amealikwa tu.

Zhao naye alikuwa amefutwa katika daftari hilo. Mwaka 2023 wachezaji 10 kutoka China waliadhibiwa kwa kashfa ya kupanga matokeo na kucheza kamari. Wawili walifungiwa maisha, yeye akafungiwa miezi 20. Aliporejea hakuwa na kiwango chochote. Akaanza na raundi za mchujo kama mchezaji wa ridhaa, akamshinda Ronnie O'Sullivan 17-7 katika nusu fainali na Mark Williams 18-12 katika fainali, akawa Mchina wa kwanza kutawazwa bingwa wa dunia, na akapanda hadi miongoni mwa 16 bora. Aliadhibiwa kwa kipimo, akairudia ngazi kutoka chini.

Sasa turudi Kalundu, au Mwingi, au Wote, maana hali ni moja. Pale sokoni sheria ni kwamba anayeshindwa ndiye anayelipia mchezo, na pembeni pana dau ambalo halisemwi kwa sauti. Kijana anaweza kucheza miaka mitatu na asijue kama amepanda au ameshuka, ila kwa kupapasa mfuko wake. Wazazi hudai meza zichomwe, nao wakubwa wa utawala huvamia na kutawanya watu. Kesho yake mchezo unaendelea. Nasi walimu, ambao tangu 2001 hatuna ruhusa ya kiboko, tumebaki na mahubiri.

Mimi nadhani tumeishambulia meza ilhali kosa liko katika dau. Sisemi mtoto aache shule afuate fimbo; wanaofika Sheffield huhesabika, na Mwafrika aliyewahi kushinda shindano la viwango, Silvino Francisco wa Afrika Kusini, alilishinda British Open mwaka 1985. Nasema kwamba chuo au shule yenye ukumbi inaweza kuweka meza moja baada ya saa za masomo, marufuku fedha, na ukutani ikabandika orodha ya majina inayobadilika kila Ijumaa. Anayekosa masomo ashushwe ngazi. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuhalalisha uhuni. Wanijibu basi: yule wa alama 4 kati ya 30, ni nani mwingine aliyewahi kumwonyesha kwamba pembe anazijua?

Nilikutana naye tena miaka mingi baadaye. Ana meza mbili za kukodisha, na biashara si mbaya. Nilimwuliza kama huwa anaandika mahali nani kamshinda nani. Alicheka mpaka akaegemea fimbo.

"Daftari la nini, Mwalimu? Hapa aliyeshindwa analipa, anaenda."