Matonge ya Tende kwa Watoto wa Chuoni

Watu wengi hudhani ya kuwa kitafunio hakipatikani ila kwa tanuri, au kwa karai la mafuta yachemkayo, au kwa pesa za dukani. Dhana hiyo si ya kweli. Waarabu wa zama za Mtume wetu (s.a.w.) walikuwa na chakula kiitwacho haisi, kifanywacho kwa tende, samli na maziwa ya mgando yaliyokaushwa, vikachanganywa pamoja. Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.) ya kwamba Mtume alipomwoa Bibi Safiya, katika mwaka wa 7 wa Hijra, wakirejea kutoka Khaybar, karamu ya harusi ilikuwa ni haisi hiyo, hapakuwa na mkate wala nyama. Nawaomba wale wakopao pesa ili kufanya walima waisome habari hii mara mbili.

Nami sikuanza kuyaangalia mambo haya kwa elimu, bali kwa aibu. Palikuwa na kijana chuoni kwangu, wa miaka kumi hivi, ambaye kila baada ya alasiri husinzia juu ya juzuu yake. Nilimkaripia mara nyingi, na siku moja nikamsimamisha mbele ya wenziwe. Hakujibu neno. Mdogo wake ndiye aliyesema, “Maalim, sisi hatujala tangu asubuhi.” Mama yao huuza sokoni, naye harudi ila magharibi. Siku ile sikuweza kuendelea kusomesha. Nilipomhadithia mke wangu, hakunilaumu, alitwaa kinu.

Naye hufanya hivi. Hutwaa tende laini nusu kilo, akazitoa kokwa moja moja, na kuzitazama ndani, kwani tende huweza kuwa na wadudu. Zikiwa ngumu huzirowesha katika maji ya vuguvugu kwa muda mchache, kisha akazichuja barabara. Maji yakibaki, matonge hayashikani wala hayakai. Hutwanga robo kilo ya korosho au karanga zilizokwisha kaangwa, zikawa kama chenga za mchele. Kisha hutia tende, iliki 4 zilizosagwa na chembe ya chumvi, akatwanga mpaka vyote vikawa donge moja. Mwenye mashine ya kusagia na aitumie, lakini kinu hakijatushinda. Mwisho hupaka samli viganjani, akaviringa matonge madogo kuliko ndimu, na kuyagaragaza katika ufuta. Hupatikana kiasi cha 35. Katika chombo chenye kifuniko hukaa wiki moja. Ukipenda nazi mbichi badala ya ufuta, yale siku ile ile, maana nazi huchacha upesi.

Ama karanga, hapa sitaki mchezo. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa, au zenye uchungu, zitupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo, na karanga nazo hupatwa nayo. Tena wapo watoto ambao miili yao haipatani na karanga wala korosho; wakila huvimba midomo na kubanwa na pumzi. Basi usimpe mtoto wa mwenzio kabla ya kumwuliza mzazi wake. Kwa watoto wadogo njugu zitwangwe mpaka ziwe unga, wasije wakapaliwa. Na mwenye maradhi ya sukari asidanganyike kwa kuwa hatukutia sukari: zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari.

Kijana yule sasa hupewa matonge mawili kabla ya kufungua juzuu, na mdogo wake vivyo hivyo, na kila aliye mbele yangu, ili pasiwe na mmoja wa kuonyeshwa kidole. Mama yao alipopata habari alituletea kibaba cha ufuta, akakataa kabisa kupokea thamani yake.