Cheche usiyoisikia ndiyo inayoua kioo cha simu

Fundi simu wa Sudi, kijiji cha pwani, anabandua nailoni kwenye kioo kipya kwa mvuto mmoja wa haraka. Malaika ya mkono yanamsimama kidogo, vumbi la mezani linarukia kioo. Hajasikia maumivu wala mlio, anaendelea na kazi. Wiki mbili baadaye mteja anarudi: mstari wa kijani umekatiza kioo kutoka juu hadi chini. Lawama zote huiangukia spea, kwamba ni feki. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine kioo kilikuja kizima, kikajeruhiwa pale pale mezani na umeme tuli.

Umeme huu si mgeni pwani. Neno letu kaharabu, ile inayotungwa tasbihi, asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni mnyakua mabua, kwa sababu ikisuguliwa huvuta mabua makavu. Waarabu hadi leo huuita umeme kahrabaa. Sandarusi nayo ni ya ukoo huo. Katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini katika mwambao wetu, ikapitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Isugue kwa kitambaa kikavu, itavuta unyoya. Nailoni ya kioo cha simu hufanya vivyo hivyo.

Kinachotokea

Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, elektroni huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Kwenye chuma hurudi mara moja. Kwenye plastiki na kioo hukwama, zikajikusanya. Tofauti ikiwa kubwa, umeme huruka kutafuta usawa, na hiyo ndiyo cheche unayoisikia ukivua baibui la poliesta usiku wa upepo mkavu.

Mwili wa binadamu huanza kuisikia cheche hiyo ikifika volti 3,000 hivi. Kioo hakina uvumilivu huo. Kioo chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta ina rangi tatu zinazowashwa na transista zake. Ndani ya transista mna utando wa kuhami ulio mwembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara mia. Volti mia kadhaa, pengine pungufu, huutoboa. Basi kuna eneo pana ambalo kioo kinakufa na fundi hajasikia kitu. Tena jeraha likiwa dogo, kioo huwaka vizuri siku ya kwanza, kisha huharibika taratibu.

Ngao iliyobaki kiwandani

Waundaji wa vioo wanaijua hatari hii. Ukingoni mwa kioo kuna mamia au maelfu ya nyaya nyembamba. Mashine ya kupimia haiwezi kuugusa kila waya, kwa hiyo nyaya hukusanywa kupitia transista za kupimia hadi kwenye vituo vichache vya chuma. Vituo hivyo ni mlango wa upimaji, na ni mlango wa umeme tuli pia. Ndiyo maana nyaya zote huunganishwa na pete moja ya chuma inayozunguka kioo: umeme ukiingia, unaenea kote kwa usawa, na penye usawa cheche hairuki. Pembeni huwekwa dayodi zinazoukwepesha umeme uliozidi.

Kioo kikikatwa kwa kipimo chake, pete ile hukatwa nayo. Dayodi hubaki, lakini sehemu kubwa ya ngao imeachwa kiwandani. Kikifika Sudi, pete ni mkono wa fundi.

Unyevu hautoshi

Wengi huamini kwamba bahari ikiwa mlangoni, hewa mbichi inatulinda. Inasaidia, haitoshelezi. Kunyanyua mfuko wa plastiki mezani kunaweza kuzalisha volti 20,000 hewa ikiwa kavu. Unyevu ukiwa asilimia 65 hadi 90, bado ni volti 1,200.

Afanye nini fundi?

Achomoe betri kwanza. Alaze kioo mezani na kubandua nailoni polepole. Akishike kwa kingo, asiguse utepe wake wa kuunganishia wala meno ya dhahabu ya utepe huo. Akiache ndani ya mfuko wake wa kinga hadi dakika ya kukifunga. Avae pamba, si poliesta, na akumbuke kwamba kandambili za plastiki humtenga na sakafu.

Bora zaidi ni bangili ya athi, inayoupeleka umeme tuli wa mwili ardhini, na hapa afya ya fundi inatangulia simu. Bangili halali ina kikinza cha omu milioni moja, ambacho mafundi hukiita rezista. Ikitokea fundi akagusa umeme wa volti 230, mkondo utakaopita kwenye bangili ni kama robo ya miliampia, ambao kwa kawaida mtu hausikii. Anayejifunga waya mtupu mkononi na kuuchomeka kwenye tundu la athi amejiondolea kinga hiyo: akigusa waya wenye moto, mwili wake ndio utakaokuwa njia. Na hata bangili halali haivaliwi ukifungua televisheni iliyo kwenye umeme.

Kioo hununuliwa tena, uhai haununuliwi. Kabla ya kununua bangili, hakikisha ina kile kikinza.