Madaraja ya Karafuu: Amana ya Mkulima na Amana ya Mkaguzi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeumba kila kitu kwa kipimo na akaamrisha mizani isimamishwe kwa uadilifu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu msomaji, baadhi ya ndugu zetu wa Mgogoni, kisiwani Pemba, walituletea masuala mawili wakati wa msimu wa karafuu. La kwanza: mkulima ameanika karafuu zake zikakauka vizuri, kisha usiku wa kuamkia siku ya kuuza akazinyunyizia maji kidogo ili zizidi uzito. Husema kuwa bei imepangwa bila ya yeye kuulizwa, kwa hivyo anajirudishia haki yake tu. Je, ana dhambi? La pili: mkaguzi anampa jamaa yake daraja la kwanza na mtu mwengine daraja la pili, na karafuu zao ni sawa. Mizani yake haina kasoro hata chembe. Je, naye ameingia katika onyo la wanaopunja?

Tumeona masuala haya yana mzizi mmoja, nao ni amana. Kabla ya kutaja hukumu, ni vyema tujue ukaguzi huu umetoka wapi na unapima nini.

Historia kwa ufupi

Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa vyetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Uliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hili.

Karafuu ilipokuwa tegemeo la hazina, serikali haikuweza kuliacha soko lijiendee. Mwaka 1927, zama za himaya ya Kiingereza, iliundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1934 zikafuata sheria kadhaa, miongoni mwazo za kuipa jumuiya hiyo nguvu na za kusimamia usafirishaji wa karafuu na mazao mengine nje. Mwaka 1937 jumuiya ikapewa mamlaka ya pekee ya kununua kutoka kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na Bara Hindi wakaungwa mkono kwa kususia karafuu za Zanzibar, mpaka mapatano yakafikiwa mwaka 1938.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, liliundwa mwaka 1968. Kwa miaka mingi lilikuwa mnunuzi pekee aliyeruhusiwa kisheria. Bei ilipokuwa duni, karafuu nyingi zilivushwa usiku kwa magendo kwenda Kenya. Mwaka 2011 bei ilipandishwa sana, ikafika shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na magendo yakapungua. Historia hii inatufundisha kwamba bei na uaminifu huathiriana. Lakini kuathiriana ni jambo moja na kuhalalishana ni jambo jengine, kama tutakavyoona.

Daraja hupima nini?

Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, imeanza kuiva rangi na haijachanua. Huchambuliwa makonyo, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa, na kukauka kwake huiacha na kama theluthi ya uzito wake wa ubichi. Iliyokauka barabara hukatika mara moja ukiivunja kwa vidole. Iliyo na maji hupinda. Iliyorundikwa mbichi au kunyeshewa ikaachwa, huvunda na kugeuka rangi ya kufifia.

Kwa hivyo mkaguzi hutazama mambo haya: ukavu, usafi, rangi, makonyo yaliyochanganyika, karafuu zilizopotewa na vichwa, mpeta (yaani tunda la mkarafuu lililoachwa likaiva mtini), na zilizovunda. Kiwango cha kimataifa cha karafuu kinataka unyevu usizidi asilimia 12.

Tupige hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 12 zina kilo 88 za karafuu yenyewe na kilo 12 za maji. Zikinyunyiziwa mpaka unyevu ufike asilimia 16, kilo 88 zile zile zitasoma karibu kilo 105 kwenye mizani. Muuzaji amelipwa karibu kilo 5 za maji kwa bei ya karafuu. Kwa bei ya shilingi 15,000, hizo ni zaidi ya shilingi 70,000. Nayo madhara hayaishii hapo, kwani gunia moja lenye maji likiwekwa ghalani huweza kuvundisha yaliyo jirani yake.

Asili ya ukaguzi katika sharia

Asiyejua hudhani ukaguzi wa mazao ni jambo lililoletwa na wakoloni. Sivyo. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye chakula kulikoni. Akajibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayuko pamoja naye.

Tuizingatie hadithi hii, kwani ni kama imeteremka kwenye jamvi la karafuu. Kwanza, Mtume (S.A.W.) alikagua mwenyewe, na alikagua ndani ya rundo, hakutosheka na uso wake. Pili, kosa lilikuwa unyevu, kama kosa letu. Tatu, mtu yule hakutia maji, mvua ilinyesha. Alilaumiwa kwa kuficha tu. Ikiwa mwenye kuficha maji ya mvua amepewa onyo kali kiasi hicho, itakuwaje kwa aliyechota maji kwa mkono wake?

Kutokana na asili hii, wanavyuoni waliandika juu ya hisba, yaani kuamrisha mema yaliyoachwa na kukataza maovu yaliyodhihiri. Imam Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, ameipa hisba mlango wake katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Ametaja kuwa mji mkubwa ukihitaji wapimaji, muhtasibu ndiye anayewachagua, wawe waaminifu, na walipwe na Baitul Mali ikiwa inamudu. Makusudio yake yako wazi: mpimaji asimtegemee muuzaji wala mnunuzi kwa riziki yake, asije akaelemea upande mmoja.

Jawabu la suala la kwanza

Kunyunyizia karafuu maji ni ghishi, na ghishi ni haramu kwa ijmai. Ni hivyo hivyo kuchanganya makonyo au mpeta na karafuu, kutia mchanga, na kuweka nzuri juu na mbovu chini ya gunia. Makonyo yenyewe si haramu kuuza. Pemba kipo kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinachoyakamua mafuta. Ukiyauza kwa jina lake ni halali. Uharamu umo katika kuyauza kwa jina la karafuu.

Tunaijia sasa hoja ya mkulima kwamba bei ni ya dhulma. Hatuipuuzi hoja hii. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamuomba Mtume (S.A.W.) awapangie, akakataa, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa dhulma na yeyote. Kwa hadithi hii wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamekataza mtawala kupanga bei. Naye Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria), katika risala yake ya Hisba, amepambanua. Amesema kwamba pale ambapo biashara ya kitu imefungwa kwa watu maalumu, basi ni wajibu wasiuze wala wasinunue ila kwa thamani ya haki. Maneno haya yanamgusa kila mwenye kushika ununuzi wa zao peke yake: kadiri mlango wa muuzaji unavyofungwa, ndivyo wajibu wa mnunuzi wa kutoa bei ya haki unavyozidi kuwa mzito. Mkulima ana haki ya kulisema hili waziwazi, kwa shekhe, kwa sheha, kwa mwakilishi wake na kwa wakubwa wa zao.

Lakini je, ana haki ya kutia maji? Huenda mwanafunzi akatoa hoja ya masala ya dhafar, yaani ruhusa ya aliyedhulumiwa kujichukulia haki yake akiipata, kwa dalili ya hadithi ya Hind mke wa Abu Sufyan. Tunajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, dhafar ni kwa haki iliyothibiti na ikazuiliwa, kama deni au matumizi ya mke. Mkulima huyu ameuza kwa bei anayoijua, na tofauti baina ya bei hiyo na ile anayoitamani si deni lililothibiti.

Pili, maji hayaendi kwa aliyepanga bei. Yanakwenda kwenye ghala walimochanganyika wakulima wote, kisha kwa mnunuzi wa mbali asiyejua lolote juu ya ugomvi wetu. Jina la karafuu ya Zanzibar likishuka, hushuka kwa yatima na mjane wenye mikarafuu mitatu kabla ya mwengine yeyote.

Tatu, imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha kumtekelezea amana aliyekuamini na akakataza kumfanyia hiana hata aliyekufanyia hiana.

Hivyo basi, dhulma ya bei, ikiwepo, ni dhambi ya aliyeipanga; na maji ni dhambi ya aliyeyatia. Moja haifuti nyengine. Aliyekwisha kufanya hayo atubu, na katika toba ni kurudisha kadiri ya alichokipata kwa maji yale.

Jawabu la suala la pili

Surat Al-Mutaffifin imewaonya wanaotaka watimiziwe wanapopokea na wanaopunguza wanapowapimia wengine. Mtu hudhani kuwa akisawazisha mizani amesalimika. Lakini siku hizi mkulima halipwi kwa kilo peke yake. Hulipwa kwa kilo na daraja. Kumshushia daraja bila ya haki ni kumpunguzia mali yake, ijapokuwa mshale wa mizani umesimama sawasawa. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametusimulia katika Surat Hud kuwa Nabii Shuaibu (A.S.), baada ya kuwaamrisha watu wake watimize vipimo na mizani, aliwakataza pia wasiwapunje watu vitu vyao. Katazo hilo la mwisho ni pana kuliko mizani, na daraja limo ndani yake.

Isitoshe, neno la mkaguzi ni ushahidi. Anaposema hii ni ya kwanza na hii ni ya pili, anashuhudia juu ya mali ya Muislamu mwenziwe. Kumpandishia jamaa ni ushahidi wa uongo kwa mnunuzi. Kumshushia mwengine ni ushahidi wa uongo kwa muuzaji.

Ama zawadi, mkaguzi asisahau kisa cha Ibn al-Lutbiyya kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi na kusema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari akauliza: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfikia? Mkaguzi ajiulize vivyo hivyo. Mkungu wa ndizi anaoletewa msimu wa karafuu, je, huletewa pia msimu usipokuwapo?

Nasaha zetu

Mkulima achume kwa wakati, aanike kwenye jamvi au sakafu safi, si kando ya barabara penye vumbi, na aziwahi kuziingiza mvua ikitanda. Zikirowa kwa bahati mbaya, azitenge na aseme. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha aibu ya bidhaa, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha, baraka huondolewa.

Mkaguzi apime mbele ya mwenye mali, aingize mkono ndani ya gunia kama ilivyo Sunna, na aeleze sababu ya daraja alilolitoa. Mkulima asiporidhika, apewe njia ya kupimiwa tena na mtu mwengine.

Na maimamu wetu wa Mgogoni na kwengineko, msimu unapokaribia, wazifanye hotuba mbili tatu za Ijumaa kuwa za mlango huu wa biashara. Wawaambie wakulima yanayowahusu na wakaguzi yanayowahusu, wote wakiwa katika safu moja, kwani wote wawili watasimama mbele ya mizani isiyokosea.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu yake. Amin. Wallahu aalam.