Neno Linalokaa Moyoni: Namna ya Kukariri Maandiko kwa Furaha



Mama mmoja mzee wa kigango cha upande wa Handeni, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia giza, alituomba usiku mmoja wa ugonjwa wake tumsomee zile Heri nane za Injili ya Matayo. Taa ilikuwa imeishiwa mafuta, na Biblia tulikuwa tumeiacha parokiani. Tukaanza kwa kichwa. Tulipofika ya tatu tukakwama. Ndiye mgonjwa aliyetumalizia, moja baada ya nyingine, akipumzika katikati. Hakuwahi kujua kusoma. Sisi tuliokwenda kumfariji tulikuwa na vyeti vya ukatekista.

Asubuhi tulimwuliza alijifunzaje. Akajibu kwamba alifundishwa na wajukuu zake, nao walikuwa wakicheza tu.

Jibu hilo lilituumiza, maana katika mafundisho yetu hapakuwa na mchezo. Tulikuwa tukiwapa watoto aya siku ya Jumamosi ili waziseme Dominika mbele ya watu, na aliyekosea alisimamishwa juani. Mtoto mmoja wa Korogwe alisema aya kumi pasipo kukosa, tukampigia makofi. Dominika iliyofuata hakukumbuka hata moja, na ile ya baadaye hakuja. Twakiri kwamba kosa lilikuwa letu.

Sababu yake si ngeni. Mtaalamu Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea katika saa za mwanzo, na marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi ya siku moja. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baadhi waliisoma habari tena na tena; wengine walifunika karatasi wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka, wakawa mbele wale waliojilazimisha kukumbuka. Basi mtoto anayesoma aya mara ishirini Jumamosi usiku hudhani ameishika, kumbe ameiazima tu.

Wazee wetu walikuwa na mchezo unaofanya kazi hiyo hiyo ya kulazimisha kukumbuka, nao ni kitendawili. Wajukuu wa yule mama waliucheza hivi. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Naye hutaja maneno ya mwanzo ya aya, na anayeweza huimalizia. Wakishindwa, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Watoto wa Handeni huitoa Korogwe pasipo kusita, na tumesikia kwamba wa Korogwe nao huitoa Handeni vivyo hivyo. Mtegaji akiisha kupokea mji wake huisema aya nzima, na wote huirudia. Hakuna haja ya kumsimamisha mtu juani, maana aliyeshindwa amekwisha kulipa.

Heri zenyewe walizipanga juu ya barabara wanayopita waendapo kwa shangazi yao huko Mombo, kwa basi linalozungukia Mkata. Handeni ni maskini wa roho. Mkata, wenye huzuni. Kabuku, wapole. Michungwani ni wenye njaa na kiu ya haki, na ni nani atakayesahau kiu mahali penye jina la michungwa? Segera, wenye rehema. Katikati ya Segera na Korogwe ni wenye moyo safi. Korogwe, wapatanishi. Mombo, panapoanza mlima wa kwenda Lushoto, ni wanaoteswa kwa ajili ya haki. Iko barabara ya moja kwa moja kutoka Handeni hadi Korogwe, lakini hiyo ingewapunguzia Heri tano! Wasemaji wa Uyunani na Roma ya kale walitumia njia kama hii, wakiweka kila jambo la hotuba katika chumba kimoja cha nyumba waliyoifahamu.

Hata Maandiko yenyewe yamejengwa yashikike. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila moja ina kiitikio kile kile, kama vile nyimbo za kulima ambamo mmoja huongoza na wengine huitikia. Ile ya 119, yenye aya 176, hufuata herufi 22 za Kiebrania, aya nane kwa kila herufi.

Hata hivyo, makatekista wapenzi, kabla ya kukariri mtoto aelewe. Aieleze aya kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kizigua au Kisambaa ikiwa ndiyo lugha ya nyumbani. Aidha, kigango kichague tafsiri moja. Ukichanganya ile ya Union ya mwaka 1952 na Habari Njema, watoto wataanza pamoja na kumaliza kila mmoja kwake. Aya moja kwa juma yatosha. Itegwe Dominika, itegwe Jumatatu usiku wakati chakula kingali jikoni, kisha Alhamisi, kisha Dominika ifuatayo, na tena baada ya mwezi, watakapodhani mmeisahau.

Yule mama tulimzika kabla ya mvua za vuli. Usiku wa matanga wajukuu walikaa karibu na moto wakatega Heri zote, tangu Handeni hadi Mombo, na watu wazima wakaitikia. Zamu yetu ilituangukia katikati ya Segera na Korogwe. Tukakwama, tukatoa mji wa Tanga.