Bastola ya Kale Isiyo na Chapa

Mkulima wa Nyamiaga, wilayani Ngara, akifukua chuma chenye kutu kilicho na umbo la bastola, asikiguse. Amwite mwenyekiti wa kijiji au polisi. Ngara inajua sababu. Novemba 2017 bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, likaua wanafunzi. Risasi iliyozikwa miaka mingi nayo huweza kufyatuka. Tena, kumiliki silaha bila kibali ni kosa, hata kama imeliwa na kutu.

Polisi wakishahakikisha haina risasi, utambuzi huanza na swali moja: chapa haikuwahi kuwapo, au imefutwa? Tupa huacha kibonde bapa ambacho kidole hukihisi kabla ya jicho kukiona. Namba ya silaha inapogongwa, chuma kilicho chini yake hukandamizwa hadi chini zaidi ya kina cha namba yenyewe. Ndiyo maana maabara ikipaka tindikali pale palipokwanguliwa, namba iliyofutwa huweza kujitokeza tena. Hiyo ni kazi ya wapelelezi.

Pasipo na dalili ya tupa, angalia bastola inavyofunguka. Webley ya kijeshi ya Waingereza hukunjika katikati, mtutu ukainama na maganda yote yakasukumwa juu kwa pamoja. Reichsrevolver za Wajerumani, za 1879 na 1883, hazikunjiki. Risasi huingizwa moja moja kupitia kilango cha upande wa kulia. Kisha hesabu matundu ya silinda. Matano au sita ni ya kawaida. Yakiwa saba, nafikiria kwanza Nagant ya 1895, ambayo silinda yake husogea mbele na kushikana na mtutu ili gesi isivuje.

Bastola nyingi zisizo na jina la kiwanda zilitoka Liège, Ubelgiji, mji uliojaa karakana ndogo ndogo. Hata hivyo, kituo cha upimaji cha mji huo kiliacha alama yake. Pangusa nyuma ya silinda kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, kamwe si kwa msasa, utafute umbo la yai lenye herufi ELG. Likiwa na taji juu yake, bastola ilipimwa mwaka 1893 au baadaye.

Hapo wengi hukimbilia kusema ililetwa na majeshi ya Wabelgiji yaliyoingia Biharamulo Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Inawezekana, lakini mimi sikubali haraka hivyo. Liège iliuza silaha dunia nzima, na mpaka wa Tanzania na Rwanda umepitiwa na watu wengi. Aprili 1994 pekee, wakimbizi zaidi ya 200,000 waliuvuka pale Rusumo kwa takriban siku moja. Nauliza kwanza bastola ilikuwa kina gani, na kando yake palikuwa na nini: kifungo cha sare, kipande cha mkanda, ganda la risasi. Maganda mengi ya kijeshi yamegongwa mwaka kwenye kitako, na ganda moja la aina hiyo huweza kunieleza mengi kuliko bastola yenyewe.